Alama ya Penseli

Erfurt, 6 Oktoba 2013

Falk, mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza, ugomvi baadaye, maana nikianza na ugomvi hutasoma mpaka mwisho. Nakujua. Hujambo huko? Wanakulisha? Sisi huku wazima, ukiondoa goti la Mama ambalo kila siku lina habari mpya. Jumapili nilikwenda kumwona Arnstadt, akapika madonge ya viazi kumi na mawili kwa watu wawili, kisha akasikitika kwamba hakuna wa kuyamaliza. Wa kuyamaliza ni wewe. Nilimwambia umepata kazi ya muda huko pwani ya kaskazini. Akanitazama tu, akanipakulia tena. Yule mama hadanganyiki, ila ana adabu ya kujifanya kadanganyika.

Bwana Querfurth, mwenyekiti wetu mtukufu wa chama cha bustani za kukodi, ameleta barua nyingine. Ua wa miti wa bustani yetu umezidi kimo kwa sentimita nne. Alikuja kupima na rula yake, mzee wa miaka sabini na tano, amepiga magoti kwenye nyasi! Tena anasema mawaridi ya Mama nyuma ya kibanda cha zana yamekauka, na sheria za chama haziruhusu mmea mfu kukaa zaidi ya msimu mmoja. Nikaenda kuangalia. Kweli yamekufa mpaka mizizi, wakati ya jirani yamenawiri kushoto na kulia. Sijui ni mdudu gani. Mama sijamwambia.

Sasa habari za binti yako, ambazo hukuuliza kwenye ile kadi yako ya mistari minne. Merle yuko vizuri, naona. Anakula, anakwenda shule, anafunga mlango wa chumba chake. Miaka kumi na sita ndivyo ilivyo, au sivyo, mimi sikuzaa, nitajuaje? Mama yake, Katrin, ametuma kadi kutoka kule hotelini Austria. Merle kaisoma akiwa amesimama, kaiweka chini ya bakuli la matunda.

Mwezi uliopita alikwenda kituoni ninapofanya kazi kwa awamu ya pili ya ule utafiti uliomtilia saini akiwa na miaka kumi na minne. Wamempiga picha ya ubongo, wakampa nakala, naye kaibandika kwenye friji langu. Kwa hiyo kila asubuhi nachukua maziwa nyuma ya ubongo wa mtoto wa mdogo wangu. Kazi yangu mimi ni ile ile tangu mwaka jana: vijana wanajaza karatasi za maswali, mimi naingiza majibu kwenye kompyuta. Mia sita, kila baada ya miaka miwili, ili siku moja ijulikane kwa nini mmoja anateleza kwenye ulevi au kamari na mwenzake wa dawati moja anabaki wima. Wengine wanajaza mpaka pembeni. Mmoja juzi karudisha karatasi nyeupe pee, hata namba yake hakuweka. Wavivu watoto wa siku hizi!

Wamesema simu yako wameifungia kabatini wiki nane. Vizuri. Basi andika. Na safari hii si kadi.

Dada yako, aliyekufungia kamba za viatu mpaka ukafika miaka tisa,
Dörte


Karibu na Stralsund, 19 Oktoba 2013

Shikamoo dada,

Kamba nafunga mwenyewe siku hizi, asante. Niko salama. Chakula ni kingi na hakina chumvi, kama mahubiri. Nalala chumba kimoja na Enno, baharia mstaafu wa Rostock, anakoroma mpaka dirisha linaitikia. Asubuhi tunafanya kazi ya mbao. Tunatengeneza vibanda vya ndege. Mimi nimeshatengeneza kumi na tisa. Ndege wa huku wakitaka, wanaweza kupangishana.

Leo ni siku ya arobaini na moja bila tone la pombe. Mwambie Mama. Au usimwambie, atahesabu ya arobaini na mbili kwa wasiwasi.

Mwambie Querfurth ajipime mwenyewe na rula yake.

Dada, kuna jambo. Juzi kwenye mazungumzo ya kikundi kila mtu alitakiwa ataje aliowaumiza. Nikamtaja Katrin. Nikamtaja Mama, nikakutaja na wewe, usijivune. Mwanamke anayeongoza kikundi akaniuliza, "Huna mtoto wewe?" Nikasema, "Ninaye. Yeye yuko salama." Enno akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. Tangu siku ile kicheko kile hakinitoki.

Baba yetu alikunywa mpaka akafa. Mimi nikanywa. Siku Bibi aliponikamata na bia ya kwanza alisema nini? Mwana wa nyoka ni nyoka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyinyi wasomi mnapiga watu picha za vichwa ili kujua kama Bibi alisema kweli, na karatasi zote zinapita mikononi mwako.

Merle ameandika nini? Sitaki maneno yote. Ndiyo au hapana: anakunywa au hanywi? Nisaidie, siwezi kukaa huku napiga misumari bila kujua.

Falk


Erfurt, 2 Novemba 2013

Falk,

Tumepokea barua yako, wote wazima, goti linaendelea vile vile, baridi imeingia. Ua nimeukata mwenyewe, sentimita tano, Querfurth asije akarudi.

Na jibu lako ni hapana. Sikwambii ndiyo, sikwambii siyo. Nasema hapana, siulizwi. Wale watoto wanaahidiwa usoni, mbele ya mzazi: utakachoandika hapa hakifiki nyumbani. Ndiyo maana wanaandika kweli. Siku mmoja atakaposikia kwamba mzazi fulani alichungulia, mia sita wote wataanza kuandika uongo, na miaka yote ya kazi tutaitupa jalalani.

Isitoshe majina siyaoni. Kila kijana anajitungia namba siku ile ile: herufi ya kwanza ya jina la mama yake, tarehe aliyozaliwa, na herufi ya kwanza ya mji aliozaliwa. Wamefanya hivyo ili aikumbuke miaka yote bila kuiandika popote. Orodha inayounganisha namba na majina imefungiwa kwenye kabati la Daktari Ahlborn, na ufunguo ni wake peke yake. Na mtu yeyote akisoma karatasi yenye hatari, kwa mfano mtoto anayeweza kujidhuru, anatakiwa ampelekee Ahlborn siku hiyo hiyo, naye anafungua kabati na kumtafuta mtoto. Kwa hiyo wako katika mikono salama, na wewe tulia, tengeneza vibanda vyako.

Usiniulize tena.

Dörte


Karibu na Stralsund, 14 Novemba 2013

Dada,

Salamu kwa wote. Sina habari, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mimi sikuuliza namba zinatungwaje. Niliuliza kuhusu mwanangu, nawe ukanipa hotuba juu ya kabati na ufunguo. Nimeishi na wewe nyumba moja miaka kumi na minane, Dörte. Ukiwa huna siri unanitukana. Ukiwa na siri unaeleza. Siku Baba alipoanguka ngazini ulinieleza jinsi ngazi zinavyojengwa.

Mama yake ni Katrin. Merle alizaliwa tarehe kumi na saba. Alizaliwa Arnstadt. K, kumi na saba, A. Imenichukua muda wa kufumba na kufumbua, nami ni mlevi. Wewe uko na karatasi hizo kila siku ya Mungu. Utaniambia hukuwahi kuiwazia?

Umeiona. Naapa umeiona.

Sasa naruhusiwa kupiga simu, dakika kumi kila Jumapili, lakini iko koridoni na watu wanane wamepanga foleni nyuma yangu wanasikiliza. Nilipokupigia ulisema "Merle mzima, sote wazima" kwa sauti ya nesi anayemfunika maiti. Kwa hiyo niandikie. Mimi ni baba yake. Kama kuna mtu duniani mwenye haki ya kujua, ni mimi.

Falk


Erfurt, 11 Desemba 2013

Falk,

Nimechelewa. Barua tatu nimeandika, tatu nimechana.

Mama anakusalimia. Amekufumia soksi, zimo kwenye kifurushi, pamoja na vipande vya keki ya Krismasi alivyovifunga kwa karatasi mara tatu kana kwamba vinakwenda vitani. Merle alimsaidia kuoka. Walikuwa wanacheka jikoni, mimi nimesimama mlangoni na koti langu, nikashindwa kuingia.

Nikwambie ninachofanya siku hizi? Mtoto akija kunibusu kabla hajalala, nanusa. Nimekuwa mbwa wa polisi ndani ya nyumba yangu. Nimeweka alama kwenye chupa ya divai ya kupikia. Nimefungua mkoba wake wa shule alipokuwa bafuni. Sikupata kitu. Wala pumzi yake haina harufu ila ya dawa ya meno. Lakini nimefanya kazi wodini miaka ishirini, najua kuna watu wanakunywa miaka na hawanuki. Kwa hiyo kutopata kitu hakunipi nafuu yoyote.

Siwezi kumuuliza. Nikimuuliza atajua nimejuaje. Na kwa Ahlborn siwezi kwenda. Usiniulize kwa nini.

Mimi ndiye ninayekuuliza, nawe unijibu kama mtu mzima, bila mzaha. Miaka ile miwili mlipobaki wawili, baada ya Katrin kuondoka, chupa zako ulikuwa unaweka wapi? Na kuna wakati wowote ulihisi zinaisha kabla ya wakati wake?

Jibu hilo tu. Mengine niachie.

Dörte


Karibu na Stralsund, 9 Januari 2014

Dada Dörte,

Heri ya mwaka mpya. Soksi zimenienea. Keki tulikula na Enno mkesha wa mwaka mpya, akalia, anasema mkewe alikuwa anaoka ya namna hiyo. Asante kwa Mama.

Nilipata barua yako tarehe kumi na sita mwezi uliopita. Unaona mwenyewe leo ni tarehe ngapi.

Nilikuwa naweka kibandani, kule bustanini, nyuma ya makopo ya rangi. Nyumbani nilitaka Merle asione. Nilijiona mwungwana sana kwa hilo. Jioni nasema nakwenda kumwagilia nyanya, hata mwezi wa kumi na moja, wakati nyanya zimeshang'olewa.

Na nilikuwa na mpango. Walevi wote tuna mpango. Nilikuwa napiga mstari wa penseli kwenye karatasi ya chupa: leo mpaka hapa, kesho mpaka hapa. Nilifikiri mtu anayepima si mlevi. Ndiyo maana najua. Mwingine angesema labda nilikunywa nikasahau. Mimi nilikuwa na mstari. Nafika jioni, pombe iko chini ya mstari, vidole viwili, wakati mwingine vitatu. Si mara moja. Msimu mzima wa joto, na mwaka uliofuata.

Ufunguo wa kibanda tulikuwa nao watu wawili. Mimi na Merle.

Alikuwa na miaka kumi na minne, Dörte. Nilijua. Nilijua tangu ule mwezi zilipoanza kupungua. Ningesema, ningelazimika kusema pia kwamba ile chupa ipo, na ni yangu, na kesho isingekuwepo. Nikanyamaza. Nilikuwa nakaa naye mezani namuuliza habari za shule.

Sasa umeshajua. Karatasi yako inasema kweli, vyovyote inavyosema. Ongea naye. Mwambie nimekwambia mimi, mwambie baba yako ndiye aliyekuchongea, ili kituo chako kisiguswe. Nichukie mimi, kazi hiyo naiweza.

Falk


Erfurt, 3 Februari 2014

Falk,

Mama hajambo. Hilo ndilo la salamu. Keti chini.

Barua yako ilichelewa njiani; siku ilipofika, wiki iliyopita, nilimngoja Merle jikoni. Alipoingia nikamwambia akae, nikamwambia najua kuhusu kibandani. Hakushtuka. Alivua kofia akaiweka mezani.

"Baba kakwambia?"

"Kaniambia."

"Kwa hiyo aliona." Usoni alikuwa karibu na furaha, Falk. Sikuielewa.

Nikaendelea, mimi mjinga, na sauti yangu ya wodini. Nikamwambia hatumgombezi, ni maradhi, yamo katika ukoo, Babu yake, baba yake, tutatafuta daktari. Kila nikiongea anazidi kukunja uso. Mwisho akaniuliza, "Shangazi, unafikiri nilikuwa nakunywa?"

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namwaga!"

Alipiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Alikuwa anamwaga nyuma ya kibanda, Falk. Kwenye mawaridi. Kidogo kidogo, vidole viwili, vitatu, ili zipungue bila kwisha, maana zikiisha unanunua nyingine. Miaka miwili. Hakuna mdudu wala nini.

Nikakaa chini. Na hapo hapo, badala ya kumkumbatia, neno likanitoka: "Na ile karatasi je?"

"Karatasi gani?"

Maji yalikuwa yameshamwagika. Nikamwambia. K17A: anakunywa karibu kila siku, peke yake, mabaki ya mtu mzima wa nyumbani. Na chini kabisa, kwa mkono wake, kwamba siku nyingine hatamani kuamka kesho yake. Hilo wewe sikukuandikia. Nililibeba mwenyewe tangu tarehe ishirini na tisa Oktoba.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyemzoea. "Si yangu hiyo," akasema. "Mimi yangu niliiacha tupu. Hata namba sikuweka. Wewe si uko kule? Ungeijua. Nilikuwa na mengi ya kuandika, shangazi, lakini uko kule."

Ile karatasi nyeupe. Niliicheka kwa barua, nikamwita mvivu.

Sasa nikwambie nililokukataza kuniuliza. Fomu yangu ya kazi iliuliza: una ndugu katika utafiti huu? Niliandika sina. Mgongo ulikuwa umeniondoa wodini, mwaka mzima sina kazi, nikaona ni swali dogo. Kwa hiyo nilipoiona ile K17A sikuipeleka kwa Ahlborn siku hiyo hiyo. Angefungua kabati, angesoma jina la ukoo wetu, angeniuliza. Nikajiambia ni ya kwetu, tutaimaliza nyumbani. Nikaiweka kwenye droo yangu chini ya bahasha. Mie, niliyekuhubiria juu ya ahadi!

Kumbe kuna mtoto mwingine aliyezaliwa Arnstadt tarehe kumi na saba, na mama yake jina lake linaanza na K. Wangapi hawa, kwenye mji mdogo kama ule? Katja, Karin, Kerstin. Mbona sikuwaza? Kwa sababu nilikuwa nawaza sisi tu. Na yule mtoto alikuwa ameandika, Falk. Aliuamini mdomo wetu, akaandika kila kitu, na mimi nikamkalia miezi mitatu, Krismasi na mwaka mpya.

Merle alikuwa wa kwanza kulisema. "Basi yuko wapi sasa hivi?" Akaninyanyua kitini kwa mkono. Tulikwenda kituoni pamoja saa ile ile, na koti langu nimelifunga vifungo upande. Ahlborn alisoma, akatoa ufunguo. Tuliketi koridoni, mimi na Merle, kiti kimoja katikati yetu. Baada ya saa moja na nusu akatoka. "Tumempata," akasema. Nikamuuliza yukoje. Akasema, "Hilo huwezi kuambiwa tena." Ana haki. Sitaambiwa kamwe. Kesho yake nilirudisha beji yangu ya kazi.

Merle alihamia kwa Mama siku nne. Jana karudi. Picha ya ubongo ameibandua frijini, ila hakuitupa, nimeiona kwenye meza yake. Haongei sana. Nimempikia, kala.

Jioni alikuja akasimama mlangoni. Akasema ule mstari wa penseli aliuona tangu siku ya kwanza, na alikuwa anamwaga makusudi mpaka ushuke chini yake. "Nilitaka aone," akasema. "Nilitaka aniulize. Kila jioni akirudi nilikuwa namngoja mezani aniulize." Halafu akasema nikuandikie swali lake, neno kwa neno, nisiongeze changu: "Alipoona imepungua, alifikiri ni nani?"

Barua yako ya Januari ninayo mfukoni mwa aproni. Ningeweza kumjibu. Sikumjibu. Alijua tu kwamba uliona, na hilo lenyewe liliniponyoka. Wiki hii nimesema ya watu wengine vya kutosha.

Jibu ni lako.

Dörte


Karibu na Stralsund, 21 Februari 2014

Dada,

Salamu. Leo siku ya mia moja na sitini na sita.

Pole kwa kazi yako. Ningesema ni kosa langu ungenitukana, kwa hiyo ni lako, lakini pole.

Niliposoma kwamba alikuwa anamwaga nilicheka kwa sauti, nikamkumbatia Enno, nikamwambia mwanangu hanywi, hanywi kabisa. Enno akafurahi nami, akanipiga mgongoni. Halafu akauliza, "Sasa wewe ulikuwa unajua hanywi?" Sikutengeneza kibanda siku ile.

Unaona, Dörte, yeye ameniponya na kila kitu isipokuwa hicho. Mtoto hakuangamia. Lakini mimi nilimwacha aangamie. Sikuwa na habari za mawaridi.

Naruhusiwa kutoka tarehe mosi Machi. Treni inafika Erfurt saa tisa na dakika arobaini mchana. Merle asije stesheni kama hataki. Akitaka kubaki kwako mpaka amalize shule, abaki, nitatia saini chochote. Mwambie Mama nitakuja na vibanda viwili vya ndege, na Querfurth akitaka kuvipima apime.

Jibu la Merle nimeandika mara nyingi. Mara ya kwanza ilikuwa kurasa sita, na kurasa tano na nusu zilikuwa habari za Baba yetu. Iliyobaki ndiyo hii. Naiandika hapa kwako wazi, bila bahasha ya pili, ili nisipate nafasi ya kuibadilisha njiani. Mpe aisome mwenyewe. Usimsomee.

Merle,

Niliona. Kila mara niliona.

Nilifikiri ni wewe. Nilifikiri unakunywa.

Kesho yake nilinunua chupa kubwa zaidi, ili itutoshe.

Baba yako